Kukataa bajeti si kusaliti chama

Ndugu zetu wafanyakazi wa migodi, na ninyi wote wenyeji wa muji,

Kuna neno moja linalosumbua vyama kila mara bajeti ya komini inapofika mbele ya baraza. Chama kinaagiza washauri wake wote wainue mukono. Mumoja anakataa, anasema: «Hesabu hii si ya kweli.» Kesho yake anaitwa musaliti. Sisi tunauliza: amemusaliti nani? Chama, ao watu waliomutuma?

Hatusemi kwamba nizamu ni kitu kibaya. Katika Disemba 1957 watu wa Léopoldville, Élisabethville na Jadotville walichagua washauri wa komini kwa mara ya kwanza. Wanawake hawakupiga kura, na juu ya muji muzima alikaa burgumestre wa kwanza, Muzungu aliyewekwa na serkali. Mushauri mumoja aliweza kusema mpaka kuchoka. Lakini katika Januari 1960, kwenye Meza ya Duara kule Bruxelles, wajumbe wa vyama vya Kongo waliweka magomvi yao kando, wakasema kwa kinywa kimoja, wakapata tarehe: 30 Juni 1960. Hiyo ndiyo faida ya nizamu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Upande wa pili tumeuona vilevile. Chama cha MPR kilizaliwa katika 1967, kikatawala peke yake mpaka 1990. Nizamu ilikuwa kubwa sana: wote walipiga makofi, na yule aliyeuliza feza ya shaba imekwenda wapi alijitafutia taabu. Tunajua inchi ilifika wapi. Chama kisichotaka kusikia «hapana» ndani ya nyumba yake kinawakomesha watu kuhesabu.

Na leo hesabu hiyo inawagusa ninyi wenyewe. Tarehe 20 Disemba 2023 washauri wa komini walichaguliwa Kolwezi, Lubumbashi na katika miji mingine. Kanuni ya migodi, iliyogeuzwa tarehe 9 Machi 2018, inagawanya ushuru ambao kampuni inalipa juu ya madini. Katika kila franka 100, 50 ni za serkali kuu, 25 za jimbo, 10 za mufuko wa vizazi vitakavyokuja, na 15 ni za mahali mugodi unapochimbwa: muji, komini, sekta ao shefferi. Hizo 15 zinatoka katika jasho la anayeshuka mugodini, na katika vumbi linaloangukia nyumba zenu. Baraza likifunga macho, feza ya mifereji, ya maji na ya masomo itaandikwa kuwa ya safari na karamu, na wote watasema: «Tulitii chama.»

Wengine wanatujibu: «Kila mumoja akifuata kichwa chake, bajeti itaanguka, na watumishi wa komini hawatalipwa.» Neno hilo lina uzito. Kwa hiyo hatuombi kila mutu afanye anavyotaka. Tunaomba utaratibu huu.

Kwanza, mbele ya kura, chama kifungue hesabu katika mukutano wa wanachama, mustari kwa mustari, si kwa wakubwa watatu nyuma ya mulango. Pili, mwenye shaka aseme pale, na aonyeshe mustari gani upunguzwe na feza hiyo iende wapi. Aliyenyamaza katika mukutano kisha akapiga kelele katika baraza, aonywe. Tatu, aliyetoa sababu zake wazi na hakujibiwa, aachwe apige kura kama zamiri yake inavyomwambia, bila kufukuzwa. Nne, aliyepokea bahasha ili aseme «ndiyo» ao «hapana», huyo afukuzwe siku ileile. Musaliti wa kweli ni huyo.

Katiba ya 2006 inaweza kutufundisha hapa. Juu ya wajumbe wa taifa, kifungu cha 110 kinasema anayeacha chama chake kwa kusudi ni kama ameacha kiti chake. Lakini kifungu cha 101 kinasema kwamba kumufunga mujumbe kwa amri juu ya kazi yake ni bure. Basi kuacha chama ni neno moja, na kukataa hesabu mbaya ukiwa ndani ya chama ni neno lingine. Tusiyachanganye.

Ndugu, musingoje siku ya kura. Mwendee mushauri wako wa komini, awe wa chama chako ao hapana, umuulize: «Zile 15 zimeandikwa mustari gani?» Akikuonyesha, umusaidie. Akikujibu kwamba chama kimemukataza kusema, mujue kwamba si yeye peke yake aliye na ugonjwa.

Umoja ni nguvu yetu. Lakini tuungane macho yakiwa wazi.