Kiingereza ni cha Shule, Nyumbani Tuachieni Kimvita

Nina kero moja nami sitaificha. Hapa Mombasa, katika nyumba zetu nyingi, mtoto huzungumzishwa Kiingereza tangu hajaota meno. Mama akimwita, Kiingereza. Baba akimkanya, Kiingereza. Na chenyewe, Mola atusamehe, ni cha kuokoteza. Ukiuliza sababu huambiwa ni mtoto asije akaachwa nyuma na wenziwe shuleni.

Hofu hiyo siidharau. Mitihani mingi huandikwa kwa Kiingereza, na kazi nazo huombwa kwa lugha hiyo hiyo. Lakini dawa waliyoichagua wazazi siyo. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilitaka mtoto afundishwe kwa lugha ya pale anapoishi katika madarasa matatu ya mwanzo, Kiingereza akisome kama somo, na darasa la nne ndipo kishike usukani. Waliona mbali. Mtoto aliyekwisha kujua kupanga maneno katika lugha moja hupata pa kuiegemeza ya pili.

Nani asiyemjua marehemu Profesa Ali Mazrui? Alizaliwa papa hapa mwaka 1933, katika nyumba ya Kiswahili, babake akiwa Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu. Mwaka 1979 mwana huyo alitoa mihadhara ya Reith katika redio ya BBC, Waingereza wenyewe wakimsikiliza. Utasema huyo alikuwa mmoja. Ni kweli, si kila mtu ni Mazrui. Walakini Kiswahili cha kwao hakikumfunga ulimi.

Na tunachokipoteza si kidogo. Mtoto hasikii tena tofauti ya paa la nyumba na paa wa mwituni, ambayo bibi yake huitoa kwa pumzi tu. Ukimwambia "mato" anadhani umekosea macho. Na chuoni je? Mwalimu wa dini hufasiri kwa Kiswahili. Hata Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, tafsiri yake ya Kurani nzima iliyochapishwa mwaka 1969 ni ya Kiswahili. Mtoto huyu hukaa pale kama aliyeingia harusi isiyo yake.

Nimeona bibi na mjukuu, nyumba moja, Mji wa Kale, wakizungumza kwa ishara za mikono. Bibi ana hadithi na vitendawili tele. Mjukuu anamtazama, kisha anamgeukia mamake amfasirie.

Kama ni Kiingereza tunachokitaka, basi tukakidai kule tunakolipia karo. Tuulize darasa lina watoto wangapi, mwalimu wa Kiingereza amekisomea au amepachikwa tu, na vitabu vya hadithi viko vingapi kabatini. Mkutano wa wazazi ukiitishwa, aghalabu maswali hayo hayaulizwi. Tunauliza bei ya sare, tunakwenda zetu.