Mbwa Naye Yumo Safarini



Sisi wa Kilibula, hapa Uvira, tumezoea kuona watu wakihama. Upande wa machweo milima imetuziba. Upande wa mapambazuko liko ziwa Tanganyika. Kwa hiyo mwenye kusafiri kwa motokaa ndani ya nchi yetu ana njia mbili kubwa: ama aelekee kaskazini, apite Kiliba, Sange, Luvungi na Kamanyola mpaka Bukavu, ama aandame ufuko wa ziwa kwenda kusini, Makobola, Mboko na Baraka. Motokaa hizo huchukua magodoro, masufuria, kuku, na mara nyingine mbwa wa nyumbani. Leo twataka kusema habari za huyu wa mwisho, maana abiria wengine wote huulizwa kama wako tayari, ila yeye.

Jirani yetu mmoja alihamia Bukavu pamoja na jamaa yake yote. Walikuwa na mbwa, mlinzi hodari, aliyelelewa na mwana wao wa darasa la tano tangu alipokuwa mdogo wa kupakatwa. Siku ya safari baba aliogopa mbwa asije akawauma abiria wenziwe. Basi akamfunga kinywa kwa kamba, akamtia ndani ya gunia, na gunia likawekwa nyuma ya lori kati ya mizigo. Sisi tulikuwapo tukiwaaga. Tena tulisaidia kulipandisha gunia lile, wala hatukusema neno. Adhuhuri lori likasimama Sange. Mtoto akashuka na kikombe cha maji kwenda kumnywesha mbwa wake, akafungua gunia, akamkuta amekwisha kufa.

Baba yule alipotuletea habari alisema, "Ndugu zangu, sikumfunga kwa ukatili, nilimfunga kwa hofu." Twamsadiki. Ndiyo sababu twaandika: si kumlaumu mtu mwovu, bali kuwafunza watu wema, sisi wenyewe tukiwa wa kwanza.

Kwa nini mbwa yule alikufa? Mwanadamu akipata joto hutoka jasho mwili mzima. Mbwa sivyo, jasho lake ni kidogo tu, kwenye nyayo. Yeye hujipoza kwa kuhema, kinywa wazi na ulimi nje. Amfungaye kinywa kwa kamba amemfungia mlango wa kutolea joto. Mwili wa mbwa mzima una joto la digrii 38 hadi 39. Likizidi 41, maisha yake yamo hatarini. Hebu fikirini gunia, chini ya mizigo, katika bonde la Ruzizi wakati wa jua kali! Na motokaa iliyofungwa vioo si salama kuliko gunia. Ikiegeshwa juani, joto la ndani laweza kupanda digrii 10 zaidi kwa muda wa dakika 10 tu. Msimwache mbwa humo, hata kama mwasema, "Twanunua ndizi, twarudi sasa hivi."

Walakini, hofu ya baba yule haikuwa ya bure. Mbwa aliyetishika huuma, hata bwana wake. Na yako maradhi ya kuogopwa kweli: kichaa cha mbwa. Huambukizwa kwa mate ya mnyama mgonjwa, na dalili zake zikisha kutokea kwa mtu, karibu hapana aponaye. Wahenga wa Ulaya waliyaogopa kama sisi. Huko Ardennes, Ubelgiji, watu walioumwa walikuwa wakienda kuhiji kwa Mtakatifu Huberti, ambaye sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba. Kisha, tarehe 6 Julai 1885, mtaalamu Louis Pasteur, Mfaransa, alianza kumtibu kwa chanjo Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa. Naye mtoto akaishi. Tangu hapo sala na dawa zimekwenda pamoja.

Basi, kamba ya kweli ya kuzuia meno ya mbwa haifungwi kinywani siku ya safari. Hufungwa mapema, kwa chanjo na kwa mafunzo. Hilo ndilo neno letu la leo, na haya yafuatayo ni maelezo yake tu.

Kwanza, chanjo. Mbwa adungwe sindano ya kichaa akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha arudiwe kwa wakati atakaoamriwa na mganga wa wanyama. Kwa mbwa asiyepata kudungwa kamwe, yafaa zipite siku 21 kabla ya safari, ili kinga ipate nguvu. Tunzeni hati ya chanjo pamoja na karatasi zenu nyingine. Mwenye kuvuka mpaka kwenda Burundi au nchi nyingine aulizie mapema masharti yake, asingoje kubishana na askari mpakani. Na mtu yeyote akiumwa njiani, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo.

Pili, mafunzo. Mbwa asiyejua motokaa huiona kama mnyama mkubwa angurumaye. Majuma mawili au matatu kabla ya safari, mkipata gari la ndugu au rafiki, mwingizeni likiwa limesimama, mpeni kipande cha chakula, mtoeni. Siku nyingine liwashwe moto bila kwenda. Kisha aendeshwe mwendo mfupi, kama wa kutoka Kilibula mpaka Kavimvira na kurudi. Msipopata gari, mzoezeni angalau sanduku lake: alale humo nyumbani, ale humo, alione kuwa kitanda chake. Sanduku hilo liwe na matundu mengi, tena liwe na nafasi ya kumtosha kusimama na kujigeuza. Gunia kamwe! Ikiwa lazima kumzuia kinywa kwa ajili ya abiria wengine, atumie kizuizi cha mfano wa kikapu, kinachomwezesha kufungua kinywa, kuhema na kunywa.

Tatu, chakula na maji. Ale mara ya mwisho saa nne au zaidi kabla ya kuondoka, tena kidogo. Wengi hutapika, hasa wadogo, kwa sababu mtikisiko huvuruga kile kiungo cha ndani ya sikio kinacholinda mizani ya mwili. Mwenye kwenda Bukavu akumbuke kona za Ngomo, baada ya Kamanyola. Hata watu wazima huziogopa. Lakini maji asinyimwe. Chukueni dumu la maji na bakuli, mnywesheni kidogo kidogo. Kila baada ya saa mbili ashuke, akiwa ameshikwa kwa kamba ya kifuani au shingoni, anyoshe miguu kivulini. Asafiri alfajiri kabla jua halijawaka. Asitoe kichwa dirishani, kwani vumbi na vijiwe vitamwumiza macho. Akionekana anahema kupita kiasi, anatoka mate mazito na kuyumbayumba, mpelekeni kivulini hima, mmwagieni maji mwilini, mpepeeni, kisha mtafuteni mganga.

Tena semeni na dereva mapema, si wakati wa kupakia. Mwambieni kweli kwamba mna mbwa, mwonyesheni hati yake, mlipe nauli ya sanduku. Dereva aliyeafiki tangu jana hatakuwa na neno mkimwomba asimame penye kivuli. Na mkifika ugenini, msimfungue siku ile ile. Afungwe uani siku kadhaa, aoneshwe nyumba mpya na watu wake, asije akakimbia kuitafuta njia ya kwao. Ukanda wa shingo wenye namba ya simu umerudisha mbwa wengi nyumbani.

Labda mtu atasema, "Ninyi mwatuandikia safari za matajiri. Sisi safari zetu nyingi ni za kukimbia." Ndugu, twajua. Sisi nasi tumekimbia. Siku ile hapana sanduku wala mazoezi. Mama hushika watoto, na mbwa hubaki mlangoni akitazama. Hatuwezi kumlaumu mama huyo. Lakini hapo ndipo chanjo inapoonyesha thamani yake. Mbwa aliyechanjwa, hata akiachwa peke yake akazurura, si hatari kubwa kwa watoto wa wale waliobaki. Asiyechanjwa aweza kuwaletea msiba mwingine juu ya msiba wa vita. Kwa hiyo kumchanja mbwa wakati wa amani ni tendo la kumpenda jirani, hata jirani msiyemjua.

Katika Maandiko Matakatifu, Kitabu cha Tobiti, twasoma habari za kijana Tobia aliyesafiri mbali pamoja na Malaika Rafaeli. Mwandishi hakuona haya kututajia kwamba mbwa naye aliondoka pamoja nao, na wakati wa kurudi humtaja tena. Malaika wa Mungu hakumfukuza msafiri huyu mwenye miguu minne. Wala hatusomi kwamba alifungwa kinywa. Alikwenda pamoja nao kwa miguu yake.

Ninyi wanafunzi, mara nyingi ndinyi mnaowalisha mbwa nyumbani. Msiogope kuwakumbusha wazee kwa adabu: "Baba, tumchanje kabla ya safari," au "Mama, tusimtie guniani." Mtoto wa darasa la tano yule angalikuwa na mbwa wake leo, kama mmoja wetu tuliokuwapo angalisema maneno hayo machache. Tulikuwa watu wazima, tulikuwa wengi, tukanyamaza.

Wahenga walisema, mbwa hafi maji akiona ufuko. Ni kweli, atapiga makasia kwa miguu yake mpaka afike. Lakini aliyefungwa guniani hauoni ufuko. Ni sisi tunaouona kwa niaba yake.

Mpaka juma lijalo, Mungu awalinde, ninyi na vyote alivyoviweka mikononi mwenu.