FOMU YA KOMPYUTA, MUHURI WA MTAA!

Kijana wa Handeni na Korogwe, walipokuambia mkopo wa chuo unaombwa kwa mtandao, ulidhani safari zimekwisha? Thubutu!

Soma mwongozo wa Bodi ya Mikopo wa 2023/2024. Ujaze kwenye kompyuta, ulipe shilingi 30,000, uchape karatasi, ofisa wa mtaa agonge muhuri, mwanasheria asaini, kisha karatasi zile zile uzirudishe ndani ya kompyuta!

Cheti cha kuzaliwa kimetolewa na RITA. Bado wewe ndiye unayetumwa RITA kuomba namba ya uhakiki uipelekee Bodi. Serikali inajiuliza yenyewe, gharama unalipa wewe!

Mtoto wa kigogo ana skana sebuleni. Mwenzako wa Sindeni anapanda bodaboda hadi Chanika, wa Magoma basi hadi Manundu, na stesheni wanalipia kila ukurasa. Kiambatanisho kimoja kikikosewa, ombi halikamiliki.

Mtambo unakutambua kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne. Basi uwaulize RITA wenyewe! Mbunge akija kuomba kura, muulize nini kinawashinda.