Bomba halijafa, nati imelegea

MWIBA WA MGEBUKA
Na Mama Bukuru

Wasomaji wa siku nyingi mnalifahamu bomba langu la jikoni. Mara ya mwisho kuliandika lilikuwa linadondosha tu. Sasa limepanda cheo: linacheza. Ukilishika linaelekea Burundi, ukiliachia linarudi Tabora, na maji yanapenya shingoni mwake hadi kabatini, kimyakimya kama mgeni wa usiku.

Fundi wangu alikuja mara moja. Akalitikisa kwa vidole viwili, akasonya, akatoa hukumu akiwa amesimama wima: "Mama, hili limekufa. Nunua jipya, nitakuja kulifunga." Hakuinama. Lishikeni neno hilo. Kisha akapotea wiki tatu. Kila nikimpigia simu yuko njiani, utadhani anatoka Nyakanazi kwa miguu.

Jumanne nikashuka mjini Kasulu, nikanunua bomba jipya kwa shilingi 35,000 ambazo zilikuwa na kazi nyingine. Natoka dukani, nakuta watu wamejaa kituo cha mafuta. Kumbe wanalishangaa lori lenye nyumba mgongoni: madirisha yana mapazia, ndani kuna kitanda, jiko na sinki. Wenyewe ni mke na mume, Wajerumani, wameingilia Rusumo, wamepita Kakonko na Kibondo, wanakwenda Hifadhi ya Katavi. Na mbele kabisa ya watu, nani? Fundi wangu, yule aliye njiani.

Shida ya wageni: bomba la jikoni linacheza. Nusura nicheke kwa sauti. Gari la bei ya mtaa mzima, ugonjwa ule ule wa jikoni kwangu Murubona! Lakini lao lina sababu. Nyumba inayotembea inatetemeka kutwa, na nati inayolibana bomba kwa chini ya sinki inajifungua kidogokidogo. Langu linatetemeshwa na nini? Labda na simu zangu kwa fundi.

Fundi akatoa ushauri: lizungushiwe silikoni kwa juu, au linunuliwe jipya. Mkononi tayari ana spana ile inayokubali kila nati, ambayo mafundi wameipa jina mhariri amenikataza kuliandika. Yule mama wa Kijerumani akaikataa. Nati yenyewe ya plastiki, spana ile ingeipasua. Akazima pampu ya maji, akafungua bomba litoe yaliyobaki, akashusha sufuria zote za kabatini, akalala chali, kichwa ndani ya kabati, miguu nje, tochi mdomoni. Aliomba kitu kimoja tu: kipande cha tyubu ya baiskeli. Akakata duara, akaliweka mahali pa raba iliyosagika, akaikaza nati kwa vidole.

Alipotoka, mzee mmoja akampigia makofi ya salamu, kama tunavyosalimiana Waha. Mama wa watu akadhani anapongezwa, akainamisha kichwa. Alistahili yote mawili.

Waliobaki walikuwa wanacheka. "Mzungu mzima, analala chini!" Na aliyecheka kuliko wote ni fundi wangu. Hapo ndipo damu iliponichemka. Unamcheka mtu kwa kufanya kazi uliyoshindwa wewe na mfuko wako wa vifaa?

Mniwie radhi, sisi tunaogopa kuinama. Kibondo niliwahi kulala nyumba ya wageni ambayo bomba la jikoni lilifungwa kwa kamba ya katani hadi dirishani, na karatasi imebandikwa: "Usiguse." Nilipouliza tangu lini, mhudumu akasema alilikuta hivyo. Mwenge wa Uhuru nao unapita kila wilaya, unazindua miradi ya maji, utepe unakatwa, picha zinapigwa. Sijaona bado utepe ukikatwa kwa heshima ya aliyerudi baada ya miezi sita kukaza nati.

Na msiniambie ufundi haupo. Nyarugusu pale, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996, koki zinafunguliwa na kufungwa na mikono isiyohesabika kutwa nzima. Bila watu wa kubadilisha raba zisingefika hata Pasaka.

Nilirudi nyumbani, nikafungua kabati. Nikatoa sufuria la ubwabwa wa harusi, na furushi la mifuko ya Rambo ambayo serikali iliipiga marufuku mwaka 2019 (nilikuwa naihifadhi kama ushahidi). Nikatandika kanga kuukuu, nikalala chali na umri wangu huu, mwanangu Bukuru kashika tochi. Nikapapasa juu. Nati hii hapa, imelegea kama ahadi. Mizunguko mitatu ya vidole, na bomba likasimama kama mgambo kwenye gwaride.

Jioni fundi akanitumia ujumbe: "Mama shikamoo, nipo njiani. Naomba na ile hela ya kuja kuangalia."

Bomba jipya nimelirudisha dukani, nimeonyeshwa risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Basi liko kwenye boksi lake, juu ya kabati. Mwenge ukipita Kasulu nitaomba walizindue.