Kujificha Kuwe na Sheria

Hapa Bweremana munajua kelele za mchezo wa kujificha: "Nimekuona!" "Hapana, haukuniona!" Mwishowe mwenye sauti kubwa njo anashinda, na mdogo ananyamaza tu. Hiyo si haki.

Mwaka 1974 Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa hadithi za vita na wachawi. Wachezaji wake nao walibishana sana juu ya kujificha. Kitabu cha 2024 kinasema wazi: kwanza uwe gizani ao nyuma ya kitu, adui asikuone. Kisha unatupa dadu ya pande 20. Ukifikia 15 pamoja na nyongeza zako, umejificha. Anayekutafuta atapashwa kufikia hesabu yako. Ukishambulia, ao ukisema kwa sauti kupita kunong'ona, maficho yamekwisha.

Sisi hatuna lazima ya dadu. Lakini mbele ya kuanza tukubaliane: wapi panaruhusiwa, nini inamtoa mtu mafichoni, na nani mwamuzi. Na mwamuzi asiwe yule anayetafuta! Ninyi wakubwa wa madarasa ya juu, mutakubali?