Nyumba za Kariakoo na sheria isiyozifikia

Mwaka huu, katika jumuiya yetu moja ya Mchikichini, niliitwa kukaa na warithi wa nyumba. Ni nyumba ya Kiswahili kama zile zilizoujenga mtaa: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba pande zote mbili, uani nyuma. Mama mjane anaishi chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Mwekezaji amekuja na ramani ya ghorofa, akiahidi kuiachia familia sehemu yake. Kijana mmoja wa familia aliuliza: “Padre, hakuna sheria inayolinda nyumba ya zamani?”

Sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inakataza kubomoa au kubadili bila kibali jengo lililowekwa chini ya ulinzi wake. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 nayo inazipa mamlaka za upangaji nafasi ya kuhifadhi majengo yenye thamani ya kihistoria. Lakini ulinzi huo unahitaji jengo litambuliwe kwanza, na macho ya watambuzi yameelekea zaidi pwani: Boma la Kale la zama za Sultani Majid, majengo ya Wajerumani, na yetu pia, yaani Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na Nyumba ya Atiman. Ni mawe ya masultani, magavana na wamisionari. Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na Carrier Corps, wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ilijengwa kwa miti na udongo na watu wa kawaida. Nyumba yao ikibomolewa leo, kwa kawaida hakuna kifungu kilichovunjwa.

Wapo wanaosema kwamba urithi ni anasa ya walioshiba, na mjane anahitaji fedha. Sikubaliani nao kabisa, ila hoja yao ina uzito. Sheria inayomzuia mama huyu kuuza, bila kumsaidia kubadilisha bati, inamtwika yeye peke yake gharama ya kumbukumbu ya jiji zima. Tena, tangazo peke yake halishikilii ukuta. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake ya hifadhi tangu mwaka 1985 na umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Hata hivyo, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka siku ya Noeli mwaka 2020, ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa.

Lakini tuangalie pia kinachokuja badala ya nyumba hizo. Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, tarehe 29 Machi, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapa hapa Kariakoo, na tukazika tena. Kwangu mimi, haya si mambo mawili tofauti. Kibali kinachotolewa bila ukaguzi ndicho kinachoiondoa nyumba ya kale bila hata kupigwa picha, na ndicho kinachosimamisha nguzo dhaifu mahali pake.

Katika Laudato Si’, aya ya 143, Baba Mtakatifu Fransisko aliweka urithi wa kihistoria na kiutamaduni miongoni mwa mambo yanayotishiwa pamoja na mazingira. Na inawezekana kuutunza: Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, liliungua tarehe 10 Julai 2021, na likakarabatiwa badala ya kufutwa. Soko, hata hivyo, lina Serikali nyuma yake. Mjane ana nani?

Niliwashauri warithi wamtafute mwanasheria, na wasitie saini kabla ya kuona kibali cha ujenzi na jina la mhandisi. Mwekezaji alisema angevileta wiki iliyofuata. Hiyo ilikuwa kabla ya Kwaresima.