Asante ya Punda: Askari, Mwanariadha na Mfokaji

Wahenga walinena kwamba asante ya punda ni mateke. Methali hii tumezoea kuitumia kumsuta mtu aliyetendewa wema akalipa uovu. Lakini, ndugu msomaji, umewahi kujiuliza ni nani hasa aliyebeba mzigo katika uhusiano wa punda na mwenyewe? Punda ndiye abebaye, punda ndiye achapwaye, na siku anapoishiwa na nguvu huachwa kando ya njia. Iwapo kuna mwenye haki ya kulalamikia mateke, basi ni yeye. Katika makala haya ninanuia kuipindua methali hiyo na kuwatazama kwayo watu ambao kwa kawaida hatuwatii katika kapu moja: askari wa zamani, wanariadha, na vijana wa muziki wa kufoka, yaani hip-hop. Kwa maoni yangu, kinachowaunganisha ni rangi ya ngozi zao, na jinsi nguvu zao zilivyosifiwa zilipohitajika na kusahauliwa zilipokwisha.

Nianze nyumbani. Mimi ni kitukuu wa askari. Baba yake babu yangu alitoka Kitui akajiunga na jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya, akapelekwa Burma mwaka 1944. Nilipokuwa katika shule ya upili nilimwuliza babu, "Babu, baba yako alirudi na nini kutoka vitani?" Akacheka kidogo, akanijibu, "Alirudi na koti, nishani na kikohozi, mjukuu wangu. Koti lilichakaa, kikohozi kikamwua. Nishani ndiyo hiyo kwenye kopo." Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayesoma hesabu ya duka.

Hesabu hiyo ilianza zamani. Apitaye Barabara ya Kenyatta jijini Nairobi hukuta sanamu ya watu watatu wa shaba, iliyozinduliwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kufa katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Mmoja wao ni mpagazi. Maandishi yaliyo chini yake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake atakumbukwa na wanawe kwa jina hata akifa. Ahadi nzuri hiyo! Kasoro ni moja tu: majina yenyewe hayapo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo, na waliouawa na maradhi na njaa ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Kumbukumbu yao kubwa imebaki katika jina la mitaa, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, ambapo leo tunanunua vikapu na kula nyama choma bila kukumbuka kwamba jina hilo ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi.

Mtu anaweza kudai kwamba majina yalipotea kwa bahati mbaya. La hasha! Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wakiwa Waafrika na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba chuki za rangi za enzi ile zilichangia uamuzi huo. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni mwezi Aprili mwaka huo, zaidi ya miaka mia moja tangu bunduki kunyamaza. Mzungu aliandikiwa jiwe lenye jina; Mwafrika aliandikiwa usahaulifu.

Waliorudi hai nao walipimwa kwa mizani iyo hiyo. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwagawia askari Wazungu mashamba katika nchi hii, mengine yakimegwa kutoka ardhi ya Wanandi. Karibu wakati uo huo, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea na kipande. Walipigana vita vimoja. Mmoja akapewa shamba, mwingine akapewa kibati cha kuning'iniza shingoni. Baada ya Vita Vikuu vya Pili mambo hayakubadilika. Nyaraka zilizoangaziwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba kiinua mgongo cha askari mweupe kiliweza kufika mara tatu ya kile cha askari mweusi wa cheo kile kile. Hapo ndipo nilipoelewa hesabu ya babu.

Si ajabu basi kwamba baadhi ya walioivaa sare ya Mfalme ndio waliokuja kumkabili Mfalme. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alipigana Burma kabla ya kuingia msituni. Bildad Kaggia naye alikuwa askari wa vita vile. Waliona kwa macho yao kwamba Mzungu huogopa, hutoka damu na hufa. Aliyekwisha kuliona hilo hawezi tena kuaminishwa kwamba rangi ni cheo.

Hata hivyo, nitakuwa mnafiki nikiyaishiza malalamiko yangu London. Sisi wenyewe tulifanya nini? Tulipata uhuru mwaka 1963, lakini marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau ilibaki katika vitabu vya sheria hadi mwaka 2003. Kwa miaka 40 mkongwe wa msituni aliimba wimbo wa taifa huku akiwa, kisheria, mwanachama wa kundi haramu. Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Sanamu yake ilisimamishwa jijini mwaka 2007, nusu karne baadaye. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa takriban pauni milioni 20, gharama za kesi zikiwemo, kwa wakongwe 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari. Kesi hiyo ilipiganiwa na wazee wenyewe pamoja na mawakili na watetezi wa haki, na wengi wa wenzao walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Tutazame pia Kibra. Wanubi ni wazao wa askari waliotoka Sudan wakaitumikia Keya, wakapewa makao katika msitu huo mwanzoni mwa karne ya 20. Ardhi iliyotengwa mwaka 1918 ilikuwa ekari 4,197. Walipopata hati ya kumiliki ya jumuiya mwaka 2017, ilikuwa ya ekari 288. Kati ya miaka hiyo miwili wamezaliwa watoto, wajukuu na vitukuu ambao walipokwenda kuomba kitambulisho waliulizwa maswali ambayo jirani zao hawakuulizwa. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imekiuka haki za watoto wa Kinubi kuhusu uraia. Mzungu hakuwepo katika dirisha lile la kitambulisho. Aliyekuwepo ni mimi na wewe.

Nigeukie michezo. Tarehe 16 Oktoba 1968, mjini Mexico, Wamarekani weusi wawili, Tommie Smith na John Carlos, walisimama jukwaani wakiwa na nishani shingoni, wakainua ngumi zilizovikwa glavu nyeusi. Waliondolewa katika timu na kurudishwa kwao. Siku nne baadaye, katika uwanja ule ule, Kipchoge Keino wetu, akiwa anaugua kibofu cha nyongo, alimshinda Jim Ryun katika mita 1,500 kwa karibu sekunde tatu. Wakaibuka wajuzi wa kueleza kwamba Mkenya alishinda kwa sababu ya hewa ya milimani. Tangu siku hizo mwanariadha wetu akishinda hutafutiwa sababu katika mapafu, katika vifundo vya miguu, katika damu. Mzungu akishinda husifiwa akili, nidhamu na mipango. Je, huyu si mpagazi yule yule wa mwaka 1914, aliyesifiwa kuwa miguu ya jeshi? Miguu, kamwe si kichwa.

Katika jambo hili hakuna mfano unaoniuma kama wa Henry Rono. Mwaka 1978, kwa muda wa siku 81, Rono alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Lakini hakuwahi kukimbia katika Olimpiki. Mwaka 1976 Kenya, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ilisusia michezo ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1980 ikasusia tena, safari hii ile ya Moscow, ikiifuata Marekani. Baadaye Rono alizama katika ulevi, akalala katika makao ya wasio na kwao nchini Marekani, na kuna wakati alifanya kazi ya kuwabebea wasafiri mizigo katika kiwanja cha ndege. Bingwa wa rekodi nne akawa mpagazi! Alirudi nyumbani uzeeni, akafariki Februari 2024, na siku hiyo sote tukakumbuka kwamba alikuwa shujaa.

Wapo wenzangu wanaosema kwamba kususia kule kulikuwa upuuzi, kwa kuwa siasa na michezo hazichangamani. Sikubaliani nao. Ubaguzi wa rangi Afrika Kusini ulidhoofishwa kwa njia nyingi, na kutengwa kimichezo kulikuwa mojawapo. Kosa letu ni jingine: taifa lilitoa kafara likatumia mwili wa kijana mmoja, kisha likajisifu kana kwamba lilitoa lake. Anayemtuma mwenziwe asishinde kwa ajili ya wote, anadaiwa na wote. Deni hilo hatukulilipa.

Sasa niwageukie wafokaji, nikijua kwamba baadhi ya walimu na wanachama wenzangu watakunja uso. Nilipopendekeza kuandika tasnifu kuhusu mashairi ya hip-hop niliambiwa kwamba huo si ushairi, ni kelele za Sheng. Naomba kutoa hoja kwa adabu. Hip-hop ilizaliwa mwaka 1973 mtaani Bronx, New York, miongoni mwa vijana weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi, waliokuwa wametelekezwa na jiji lao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilitua Dandora, mtaa unaoishi ubavuni mwa jaa kuu la taka la Nairobi. Kundi la Kalamashaka likaimba mateso ya mtaa huo kwa Kiswahili na Sheng. Kisha wafokaji wa Dandora na wa Mombasa wakaungana wakajiita Ukoo Flani Mau Mau. Litafakari jina hilo. Serikali ilichukua miaka 40 kuifuta marufuku ya Mau Mau. Vijana wasio na kazi walilivaa jina hilo kama kilemba.

Je, jambo hilo ni geni katika fasihi yetu? Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wajerumani kuitamalaki Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga wa Maji Maji. Shaaban Robert akavitungia utenzi mrefu Vita Vikuu vya Pili. Malenga wa Kiswahili daima alikuwa mweka kumbukumbu za vita ambazo mshindi hakutaka ziandikwe. Mfokaji wa Dandora amekalia kigoda icho hicho, ingawa kigoda chenyewe ni debe lililopinduliwa.

Sisemi kwamba kila kinachofokwa ni dhahabu. Nyimbo nyingi za siku hizi zinawadhalilisha wanawake na kutukuza dawa za kulevya, na huo ni uozo. Aidha, huniudhi nikisikia kijana wa Nairobi akimwita mwenziwe kwa lile tusi la rangi alilolisikia katika nyimbo za Marekani. Mmarekani mweusi amelinunua neno hilo kwa karne za minyororo. Sisi tunaliazima kama kofia. Lakini tusijifanye malaika, maana hata Kiswahili chetu kina masizi. Methali tunayoinukuu kwa fahari, "mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni", ina ndugu yake mkongwe asemaye "Mgala muue na haki mpe". Mgala ni Moromo. Methali inayodai haki imeanza kwa kuruhusu kumwua jirani! Anayekemea ubaguzi wa Mzungu na afagie pia ua wake.

Nihitimishe kwa kukiri kosa langu. Katika mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza tulitumwa nyanjani kukusanya fasihi simulizi. Nilikwenda Kitui na kinasa sauti, nikarekodi hekaya 11 za sungura na fisi, nyingine kutoka kinywani mwa babu yangu. Nilipata alama nzuri. Sikumwuliza neno juu ya kopo. Nilidhani lingekuwepo daima, na msimulizi wake pia. Babu alifariki mwaka uliopita. Nishani ninayo mimi, lakini sijui baba yake alikuwa katika kikosi gani, alivuka mto gani, wala alimzika nani huko Burma. Nami pia, mwanafunzi wa fasihi, nimempiga punda teke.

Kwa hivyo ombi langu kwa chama chetu ni dogo. Wanachama watakapotumwa nyanjani, kila mmoja amtafute mzee mmoja: mtoto wa askari wa Keya, mkongwe wa msituni, mama aliyefungiwa katika vijiji vya hali ya hatari, au mwanariadha aliyestaafu anayechunga ng'ombe bila mgeni. Amrekodi, aandike jina lake kamili, na mahojiano yahifadhiwe katika maktaba ya idara. Sanamu ile iliahidi kwamba wana watayakumbuka majina. Wana ndio sisi.